Swali la Nne

Karakana, 3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwisho, nikibakiwa na nafasi. Nakuandikia na sikupigii simu kwa sababu chumba changu na ofisi ya Katibu vimetenganishwa na ubao tu. Ubao huo niliupigilia mwenyewe na najua unavyopitisha maneno. Yeye akikohoa, mimi nasema pole.

Wanataka kuniondoa. Mkutano mkuu ni tarehe 29 Machi, na Katibu anazunguka mashine kwa mashine akiomba kura. Ni yule yule niliyempokea hapa hajui kutia uzi kwenye sindano. Karakana hii ilianza na cherehani moja, yangu, ya kukanyaga kwa mguu. Leo tuko wanachama thelathini na watatu, tunashona sare za shule na mashuka ya hospitali. Mwenyekiti ni mimi na mkataji ni mimi. Hakuna kitambaa kilichowahi kuvuka meza bila mkasi wangu.

Ubaya ni kwamba chumba ninacholala kiko ndani ya katiba yetu: ni cha mwenyekiti. Niliandika mimi, nikiwa sina wazo kwamba mwenyekiti anaweza kuwa mtu mwingine. Nikiangushwa nina mwezi mmoja wa kutoka. Sina mume, sina mtoto, sina kiwanja. Nina wewe na karakana, na wewe uko mbali.

Sasa nisikilize. Kazi yako ni historia. Miaka yote hii unasoma watawala, nani alipanda, nani alishuka. Basi niambie: wale ambao hawakuangushwa walifanya nini? Usiniandikie mhadhara. Nipe kitu ninachoweza kukifanya Jumatatu asubuhi.

Nafasi imekwisha. Salamu mwakani.

Dada yako


Chuoni, 12 Februari

Dada,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, begi bado begani. Nimeumia. Lakini nitakuvunja moyo kidogo: sisi wanahistoria tunafika watu wakiwa wameshatawanyika na viti vimeshapangwa ukutani. Kuzuia hatujui. Tunajua kueleza kwa nini.

Zamani wenzetu walihesabu tu waliokalia kiti, fulani kuanzia lini hadi lini. Siku hizi tunajua kiti kinadanganya. Mtu anaweza kukikalia na nguvu zimeshatokea mlango wa nyuma, naye ndiye wa mwisho kujua. Kwa hiyo tunaangalia mambo madogo. Nani anamsubiri nani? Kitu kikiharibika, watu wanamkimbilia nani? Nani anakatizwa akiongea, na nani akinyamaza wote wananyamaza? Nguvu si mali ya kufungia kabatini, Dada. Iko kati ya watu, na wanaoitoa ni wale wa chini, kila siku, kwa kukubali. Siku wakiacha kukubali, imekwisha, hata kama mto wa kiti bado una joto.

Nipe wiki moja au mbili. Angalia, halafu niandikie kila kitu, hata kinachouma. Na nakuomba unikubalie nizihifadhi barua zako. Nina sura moja ya kitabu inayohusu jinsi mamlaka yanavyohama mahali padogo, na imenikwama kooni. Tutasaidiana.

Mdogo wako


Karakana, 24 Februari

Mdogo wangu,

Nimeangalia. Bora nisingeangalia, ningekuwa bado napata usingizi.

Jumanne mkanda wa cherehani ya Bi Vifungo ulikatika. Ni yule mama mnene wa kutia vifungo, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua. Akainuka na mkanda mkononi. Mimi nipo mezani nakata, na mikanda yote iko kwenye kabati nyuma yangu. Akanipita kama anapita nguzo.

"Katibu, mkanda umekufa huu."

"Pole, mama yangu. Kaa tu, nakuletea."

Nikamwita. "Bi Vifungo, tangu lini mikanda inatoka kwa Katibu?"

"Ah, Mama Mkasi, sikutaka kukusumbua."

"Umenisumbua kwa kunipita."

Fundi wa pasi akasema kutoka kwenye kona yake, "Leo mkasi umeamka umenolewa," na watu wakacheka. Kucheka si neno, wamenizoea. Lakini waliponiona sicheki, hawakunyamaza. Waligeuka kumtazama Katibu, waone kama waendelee.

Hapo ndipo nilipouweka mkasi chini.

Alhamisi akaja mnunuzi wa hospitali. Anauliza, "Katibu yupo?" Nikamjibu, "Mwenyekiti yupo, anakusikiliza." Akaangalia saa yake, akasema, "Haina shida, mama, nitamsubiri." Akakaa kwenye benchi la wateja, mbele yangu, mikono magotini, kama mgonjwa. Ulitaka kujua nani anamsubiri nani. Haya, chukua.

Sasa hesabu. Wangu ni kumi na watano, wake ni kumi na wanane. Nimewapitia mmoja mmoja na sikujidanganya. Lakini kati ya wake, wanne waliondoka tarehe 20 Desemba wakaenda kushonea watu mjini, na hawajarudi. Na katiba yetu, kifungu cha tisa, inasema asiyekaa kwenye cherehani yake miezi mitatu mfululizo hapigi kura. Tarehe 20 Machi wanatimiza. Tarehe 29 wataingia ukumbini wakijiona watu, nami nitasimama kabla ya kura kuanza, nisome kifungu cha tisa. Kumi na wanane toa wanne, kumi na wanne. Nashinda kwa kura moja, na moja inatosha.

Hakuna anayekijua kifungu hicho. Katibu mwenyewe katiba anaishika kama msahafu lakini hajawahi kuifungua. Nimekwambia wewe peke yako. Kaa nalo.

Dada yako


Chuoni, 6 Machi

Dada,

Sijui nianzie wapi. Barua yako ni kitu ambacho mtu wa kazi yangu anaweza kukitafuta kwenye maktaba za nchi tatu asikipate. Kile kipande cha kicheko, jinsi walivyomtazama yeye kwanza! Nimekisoma darasani, bila kutaja mahali wala mtu. Wanafunzi waliniomba nikirudie.

Kuhusu kifungu cha tisa, naona hesabu yako iko sawa. Ila nakuuliza kama ndugu: ukishinda kwa kuwafungia wenzako mlango, kesho yake watakuja kwako kuchukua mikanda? Umejiuliza kwa nini walianza kukupita? Katibu anawapa nini ambacho wewe huwapi? Sisemi yuko sahihi. Nasema kazi yetu haikubali ushahidi wa upande mmoja, na ndiyo maana naendelea kukusanya, polepole.

Usijali. Niko nawe.

Mdogo wako


Chuoni, 7 Machi

Kwa Ndugu Katibu wa Karakana,

Salamu nyingi. Mimi ni mtafiti wa historia, na pia, kama unavyojua, ni mdogo wake Mwenyekiti wenu. Nakuandikia kwa nafasi ya kwanza, si ya pili. Naandika kuhusu jinsi uongozi unavyokua na kubadilika katika vikundi vya kazi, na nisingependa sauti yako ikosekane. Nitashukuru ukinijibu haya kwa uhuru wako. Utakachosema hakitamfikia mtu yeyote kabla ya kitabu kutoka, na utapewa nafasi ya kukisahihisha.

Kwanza, ulifikaje karakana? Pili, lini ulihisi mara ya kwanza kwamba wenzako wanakuja kwako? Tatu, unaelezaje uhusiano wako na Mwenyekiti? Nne, katiba yenu ina vifungu kuhusu nani apige kura, kwa mfano kile cha tisa kinachohusu wasiokuwepo kazini. Vimewahi kutumika? Unadhani vikitumika, mizani itabadilikaje? Tano, unaogopa nini?

Kwa heshima,
Mtafiti


Karakana, 16 Machi

Mheshimiwa Mwalimu,

Nimefurahi kupata barua yako. Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza ninaogopa nini.

Nilifika nikiwa sijui kitu. Mama Mkasi alinifundisha kila ninachokijua, na sitalikana hilo. Lakini amenifundisha mara moja na kunikumbusha mara elfu. Nikikosea mshono, "Mimi ndiye niliyekushikisha sindano." Nikipatia, maneno yale yale. Wenzangu hivyo hivyo. Ukitaka mkanda unasimama mbele ya meza yake mpaka amalize kukata, na wakati mwingine anakata taratibu ili usimame. Mimi nilianza tu kuwapelekea mikanda. Sikufanya lingine. Watu walikuja wenyewe.

Uhusiano wetu ulikwisha siku moja, na yeye nadhani hajui ni ipi. Ni miaka saba sasa. Asubuhi ile nilimwendea mezani kuomba ruhusa kwa ajili ya mama yangu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nenda, urudi kabla ya saa sita, kuna mashuka ya hospitali." Mwalimu, mama alikuwa ameshafariki. Nilimzika, nikarudi, nikakunja mashuka. Sijawahi kumwambia mtu hapa. Naomba hili libaki kwetu mpaka kitabu kitoke, kama ulivyoahidi.

Swali lako la nne limenisaidia sana. Limenifanya niifungue katiba niisome yote, jambo ambalo, nasema kwa aibu, sikuwahi kulifanya. Kifungu hicho hakijawahi kutumika. Ninavyoona, hakitatumika.

La tano: naogopa kumaliza maisha yangu nikiwa nimesimama mbele ya meza ile.

Katibu


Karakana, 18 Machi

Mdogo wangu,

Wamerudi.

Jana asubuhi, wote wanne, wamevaa aproni, wamekaa kwenye cherehani zao kama walitoka kwenda chooni. Walikuwa wamebakiza siku tatu. Mmoja hata uzi hakutia. Alikuwa anakanyaga tu mashine, inalia bila kitu. Katibu anapita kati yao anaandika mahudhurio.

Nani kamwambia? Nimekuwa kama kichaa. Nimekaa chini nikahesabu: nani alikuwa karibu siku nilipoitoa katiba kabatini? Fundi wa pasi. Kona yake inatazama kabati. Nikamwendea.

"Umeniuza kwa kiasi gani?"

"Mama Mkasi, nakuuza mimi, nani ananunua?"

Alikuwa anatania kama kawaida yake. Nikamwambia atoe pasi zake kwenye kona yangu. Akachomoa waya, akaukunja vizuri. "Mimi nilikuwa wako," akasema. Mke wake naye hajanisalimu tangu jana, na dada wa mke wake. Hao wote walikuwa kwenye kumi na watano wangu.

Nakuomba, nijibu haraka. Andika hata mistari miwili. Umesoma maelfu ya habari za watu waliosalitiwa, nisaidie kufikiri. Niangalie wapi? Nimebakiwa na siku kumi na moja na akili yangu imesimama. Hata kukata nimekosea jana: mikono yote ya kushoto.

Dada yako


Karakana, 30 Machi

Mdogo wangu,

Hukujibu. Sasa najua kwa nini.

Jana nilisimama kabla ya kura, kama nilivyopanga, maana nilikuwa sina mpango mwingine. Katibu akaniwahi. "Mwenyekiti, samahani. Kabla hujaanza, naomba nisome kifungu cha tisa." Akakisoma chote, vizuri, kwa sauti ya upole. Akaeleza kwamba wenzetu wanne walirudi kazini kabla ya muda kwisha, kwa hiyo hakuna wa kufungiwa mlango. Halafu akasema hivi, nakuandikia neno kwa neno: "Namshukuru mdogo wake Mwenyekiti, mtu wa chuo, aliyeniandikia kuniuliza kuhusu kifungu hiki. Bila yeye, wenzetu hawa wangeaibishwa mbele yenu leo."

Ukumbi ukanigeukia. Bi Vifungo akauliza kwa sauti, "Mama Mkasi, ulitaka kutufanyia hivyo kweli? Na mimi mwaka jana niliugua mguu miezi miwili na nusu. Ningeongeza wiki mbili ungenifuta?"

Nikakaa chini kabla ya kuambiwa nikae. Mimi! 

Kumi na wawili kwa ishirini na mmoja. Fundi wa pasi, mke wake na shemeji yake waliinua mikono upande ule wakitazama chini. Niliwafukuza kwa kosa lako.

Nina mpaka tarehe 30 Aprili kutoka chumbani.

Nilikuomba kitu cha kufanya Jumatatu asubuhi. Kumbe mwenye kazi ya kufanya ulikuwa wewe.

Sitii sahihi ya dada. Unanijua.


Chuoni, 8 Aprili

Dada,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara inakuwa ya mwanasheria. Nitasema tu. Niliuliza swali lile nikidhani nimelificha kati ya mengine. Kazi yetu ina sharti: ukisikiliza upande mmoja unaandika tangazo, huandiki historia. Nililishika sharti nikasahau kwamba waliokufa hawawezi kupokea barua yangu, na Katibu anaweza. Wale ninaowasoma siku zote hawabadiliki nikiwauliza. Sikuwahi kuuliza watu walio hai katikati ya vita.

Barua yako ya tarehe 18 ilinikuta nimeshajua. Sikuwa na ujasiri wa kujibu.

Njoo ukae nasi. Wifi yako ameshahamisha vitu vyake vya kazi, chumba kiko tayari.

Kuna jingine, na naona aibu kulitaja. Sura imekubaliwa na wachapishaji. Cheo changu hapa kinaisubiri. Isipotoka mwaka huu sitapewa mkataba mwingine. Nakutumia uisome, na karatasi ya ridhaa, kwa kuwa barua ni zako. Usiposaini, nitaitoa, na sitakulaumu. Lakini nakuomba. Nimefika mahali sina pengine pa kushika.

Katibu ameshasaini yake.

Mdogo wako


Karakana, 22 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma sura yako mezani, kalamu mkononi, kama ninavyokagua mshono. Umeandika vizuri, nitasema kweli. Umeeleza nilivyokuwa nawasimamisha watu wakisubiri mikanda. Nilikasirika, kisha nikakumbuka nyuso zao, nikaendelea kusoma.

Halafu nikafika ukurasa wa kumi na saba, habari ya mama yake Katibu.

Yule kijana hakuniambia mama amefariki. Alisema, "Naomba ruhusa, ni mama." Basi. Mama yake alikuwa anaumwa mara kwa mara, na kila mara nilimpa ruhusa, na kila mara alirudi. Miaka saba amenibeba moyoni kwa neno ambalo halikumtoka mdomoni. Na hili ulilijua. Ulikuwa na barua yake mkononi kabla ya mkutano. Ungeniandikia mstari mmoja, ningetoka nje ya ubao huu, ningemwita kwa jina lake, tungelia wawili. Labda kura zingekuwa zile zile. Labda hata mkutano usingekuwepo. Hatutajua, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa amezisoma barua zetu zote alikaa kimya akisubiri kuona mwisho wa hadithi.

Siri ya Katibu uliitunza. Yangu uliigeuza swali.

Nilimpelekea ukurasa huo leo. Nilibisha hodi ofisini kwake, mimi, kwenye mlango nilioutia bawaba. Akausoma. Nikamwambia, "Mwanangu, sikujua."

"Hukujua?"

"Ungeniambia amekufa ningekuacha ukunje mashuka?"

Alitoa miwani akaifuta na shati, akairudisha, akaitoa tena. Macho yalikuwa mekundu. "Pole, Mama," akasema. "Pole sana. Na mimi pole." Nikadhani, nakuambia ukweli, nikadhani hapo sasa kuna kitu kitabadilika. Akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaniuliza, kwa adabu ile ile, tarehe 30 nitakabidhi funguo saa ngapi, maana fundi wa rangi anataka kuanza asubuhi.

Nikamwambia saa mbili.

Kwa hiyo hata kusameheana hakurudishi chumba. Hilo sikuliona kwenye sura yako, liongeze, ni langu, nakupa.

Kwako siji. Mwambie wifi yangu arudishe vitu vyake vya kazi. Bi Vifungo ana kibaraza kilichozungushiwa mabati, amesema nitakaa hapo mpaka nijue pa kwenda. Alisema hivyo bila kunitazama, lakini alisema.

Sasa karatasi yako. Ukurasa wa kumi na tisa umeandika kwamba habari za mpango wa Mwenyekiti "zikamfikia Katibu". Kurasa zote nyingine umetaja aliyefanya: nani alicheka, nani alipita, nani alinyamaza. Hapo tu hakuna mtu. Nimeisoma sura nzima kwa kidole na wewe humo hata mara moja, na wewe ndiye uliyeiangusha karakana hii upande mmoja kwa stempu ya posta.

Naweza kukunyima sahihi na ukakosa kazi. Najua hivyo, na wewe unajua, na nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikiangalia nitaona raha kiasi gani. Sijaona yoyote.

Nimesaini. Lakini sikusaini chini ulipoweka mstari. Nimesaini ukurasa wa kumi na tisa, pembeni, na nikaandika kwamba barua mbili ziwekwe hapo nzima, yako uliyomwandikia Katibu na ile yangu ya tarehe 18 ambayo hukuijibu, pamoja na tarehe zake. Ukizitoa, sahihi inatoka nazo, kwa sababu iko juu ya karatasi hiyo hiyo. Nimepima kabla ya kukata.

Amua mwenyewe.

Dada yako